Itatusaidia nini?

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, mwalimu wa kemia katika chuo kimoja hapa nchini, alinionyesha barua. Alikuwa ameomba fedha, tena si nyingi, za kununulia kemikali na za kupeleka sampuli zake nje zikapimwe. Alitaka kuchunguza usumaku wa molekuli, yaani jinsi molekuli moja tu, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini yoyote iliyomo katika maabara zetu za shule, inavyoweza kuwa sumaku kamili peke yake. Ombi lake lilirudishwa. Juu ya ukurasa wa kwanza mkubwa fulani alikuwa ameandika maneno mawili kwa wino mwekundu: "Itatusaidia nini?"

Sina nia ya kumdhihaki aliyeandika. Swali lile ni la halali, na mtumishi wa umma aliyekabidhiwa fedha za wananchi ana wajibu wa kuliuliza kila siku ya kazi. Wasioliuliza ndio huagiza mitambo inayokaa bandarini mpaka ikaota kutu. Ila huyu bwana hakuuliza ili apate jibu. Barua haikumtaka mwombaji aeleze zaidi, wala haikumpa siku ya kuja kujieleza. Ilikuwa hukumu iliyovikwa alama ya kuuliza, na kwa kuwa hukumu za namna hiyo hutolewa katika ofisi nyingi, yafaa tuitazame habari yenyewe ya sumaku hizi kwa makini.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule yetu haikuwa na sumaku hata moja. Mwalimu alituchorea ubaoni, ncha ya kaskazini kwa chaki nyekundu na ya kusini kwa chaki nyeupe, nasi tukainakili kwa utiifu. Kisha akatueleza kwamba sumaku ikikatwa katikati haibaki ncha moja huku na nyingine kule. Hupatikana sumaku mbili kamili, kila moja na ncha zake mbili. Mwenzetu wa dawati la nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, tukiendelea kukata, kukata, kukata, tutafika wapi?" Mwalimu akatazama saa yake. Akasema jambo hilo halimo katika mtihani.

Jambo hilo, ndugu msomaji, ndilo linalowakesha wataalamu wa Ulaya, Marekani, Japani na China hadi leo. Sumaku ikikatwa ikawa ndogo mno, joto la kawaida la chumba huitikisa mpaka ikasahau ilikoelekea. Kusahau huko si jambo dogo, kwa sababu diski za kompyuta huandika kila herufi na kila tarakimu kwa kuelekeza vijisehemu vya usumaku upande huu au ule. Orodha za mishahara, matokeo ya mitihani na hati za ardhi zilizohifadhiwa katika diski hizo zinategemea vijisehemu hivyo vikumbuke. Kila mtengenezaji anataka kuandika mengi zaidi mahali padogo zaidi, na kwa hiyo yuko katika kazi ile ile ya mwenzetu wa dawati la nyuma: anakata, anakata, na mbele yake anakiona kikomo.

Wanafizikia walilishika tatizo hili kwa upande wa elektroni. Kila mwalimu wa sayansi anajua kwamba elektroni ina chaji, na kwamba mkondo wa umeme ni mwendo wa chaji hizo. Lakini elektroni ina tabia ya pili iitwayo spini, ambayo huifanya iwe kama sumaku ndogo kupita kiasi inayoelekea juu au chini. Tabia hiyo ilipendekezwa mwaka 1925 na vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, wakiwa Leiden. Mzee Lorentz, bingwa mkuu wa fizikia wa nchi yao, alipopiga hesabu aliona wazo lao haliwezekani, kwani elektroni ingelazimika kuzunguka kwa kasi ipitayo ile ya nuru. Vijana waliingiwa na hofu wakataka kuirudisha makala yao. Mwalimu wao, Paul Ehrenfest, akawaambia amekwisha kuipeleka, na kwamba umri wao bado unawaruhusu kufanya upuuzi mmoja. Upuuzi huo sasa hufundishwa katika vyuo vikuu vyote duniani.

Vyombo vya elektroniki tulivyovizoea hutumia chaji peke yake. Elimu mpya inayotumia na spini pia huitwa spintroniki. Kuielewa si vigumu kama jina lake linavyotisha. Chukua mfano wa ukumbi wenye milango miwili inayofuatana, kila mmoja na bawabu wake. Nusu ya wageni wamevaa beji mkono wa kulia, nusu mkono wa kushoto. Mabawabu wote wawili wakiamriwa kupitisha wa kulia, nusu nzima ya wageni hupita bila kusumbuliwa. Lakini bawabu wa pili akipewa amri ya kinyume, hakuna mgeni asiyekwama kwenye mlango mmoja au mwingine. Wageni ni elektroni, beji ni spini, mabawabu ni matabaka membamba ya chuma, na amri ni mwelekeo wa usumaku wa kila tabaka. Sumaku dogo la nje likigeuza amri ya bawabu mmoja, ukinzani wa umeme hubadilika mara moja, na kwa mabadiliko hayo twaweza kusoma kilichoandikwa juu ya diski.

Mwaka 1988 kikundi cha Albert Fert huko Orsay, karibu na Paris, kilipanga matabaka ya chuma na kromi, yale ya kromi yakiwa membamba hata kuliko nanomita moja, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Walipoyapoza hadi nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri na kuyaweka katika uga wa sumaku wenye nguvu, ukinzani ulishuka hadi karibu nusu. Wakati huo huo Peter Grünberg, akiwa Jülich nchini Ujerumani, aliliona jambo hilo kwa matabaka machache zaidi na katika joto la kawaida, ingawa kwa kiasi kidogo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007. Aliyetangulia katika orodha ya waandishi wa makala ile ya Orsay ni Mario Baibich, mtafiti aliyetoka Porto Alegre, Brazil. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba elimu ya namna hii haiwahusu watu waliozaliwa kusini mwa dunia.

Yafaa tuulize pia: nani aligharamia? Matabaka ya Orsay yalitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Thomson, ambayo serikali ya Ufaransa ilikuwa imeitaifisha mwaka 1982. Kituo cha Jülich ni cha umma, na kilianzishwa kwa ajili ya utafiti wa nishati ya nyuklia. Hapana kampuni binafsi ya diski iliyoketi ikaagiza ugunduzi huu. Kampuni ilikuja baadaye. Katika maabara ya IBM huko California, Stuart Parkin alionyesha kwamba matabaka hayo yaweza kutengenezwa kwa njia rahisi na ya haraka, akajaribu michanganyiko mingi ya metali, na mwaka 1997 diski yenye kifaa hicho cha kusomea ikawa sokoni. Wajerumani hawakulala. Grünberg alikuwa ameshughulikia hataza mapema, na Jülich wakapokea malipo ya leseni kutoka kwa waliotumia ugunduzi wao. Elimu ilizaliwa kwa fedha za umma, na sehemu ya faida yake ikarudi kwa umma kwa kuwa mtu mmoja alikumbuka kujaza fomu. Watumishi wenzangu tunaolalamikia fomu tulizingatie hilo.

Miaka 9 tangu maabara hadi dukani ni muda mfupi, na wapenda takwimu wanaweza kusema utafiti wa msingi hulipa upesi. Wasikimbilie kusema hivyo. Fert aliandika tasnifu yake juu ya spini na mkondo wa umeme katika metali mwaka 1970, miaka 18 kabla ya matabaka yale. Na yuko Mfaransa mwingine, Michel Jullière, ambaye mwaka 1975 huko Rennes aliona kwamba elektroni zikipenya katika tabaka lisilopitisha umeme, lililobanwa kati ya sumaku mbili, nazo hutii mwelekeo wa spini. Kwa takriban miaka 20 watu wachache tu waliijali kazi yake. Mwaka 1995 vikundi vya Marekani na Japani vikafaulu kuipata hali hiyo katika joto la kawaida, na leo vifaa vya kusomea diski vimejengwa juu ya msingi huo, pamoja na aina ya kumbukumbu za kompyuta zisizopotea umeme unapokatika, sifa ambayo mkazi yeyote wa miji yetu hahitaji kuelezwa thamani yake.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na molekuli zake, kwani wanakemia hawakupita njia ya kukata. Wao walianza chini kabisa, wakajenga sumaku atomu kwa atomu.

Mwaka 1980, mwaka ule ule wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk walipogoma na Poland nzima ikatikisika, mwanakemia wa Wrocław aitwaye Tadeusz Lis alichapisha makala kuhusu molekuli aliyoitengeneza. Katikati yake mna atomu 12 za manganisi zilizoshikamanishwa na oksijeni. Viungo vyake vikuu ni chumvi ya manganisi, asidi ya siki na pamanganeti ya potasi. Pamanganeti ni ile ile dawa ya zambarau iliyotumika zamani kuoshea vidonda, na hadi leo imo katika kabati za kemikali za sekondari nyingi. Hayo ndiyo mahitaji ya molekuli iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote katika elimu hii.

Makala ya Lis ilieleza namna ya kuitengeneza na jinsi atomu zake zilivyopangika. Wanakemia wa Marekani na wa Italia wakaifuatilia polepole. Mwaka 1993 kikundi cha Florence, wakiwamo Roberta Sessoli na Dante Gatteschi, kikatangaza kwamba molekuli hiyo, ikipozwa vya kutosha, ina kumbukumbu: ukiielekeza upande mmoja kisha ukaondoa uga wa sumaku, hubaki imeelekea kule ulikoiacha. Katika nyuzi 271 chini ya sifuri hudumu hivyo kwa miezi. Kati ya makala ya Wrocław na tangazo la Florence ilipita miaka 13.

Walimu wa hisabati watapenda kuona hesabu yake. Manganisi 8 za pembeni zina elektroni 4 zisizo na wenzi kila moja, jumla 32, na spini zote zimeelekea upande mmoja. Manganisi 4 za katikati zina elektroni 3 kila moja, jumla 12, zikielekea upande wa pili. Ukitoa 12 katika 32 zabaki 20 zinazovuta pamoja bila mpinzani. Hizo 20 ndizo sumaku. Mwaka 1996 Myriam Sarachik na wenzake wa City College, chuo cha umma cha jiji la New York, walipoipima waliona usumaku wake haugeuki kwa ulaini bali kwa ngazi, hatua baada ya hatua, kwa sababu spini haipandi tu juu ya kizuizi, bali pia hupenya katikati yake. Hilo ni jambo ambalo nadharia ya kwanta ilikuwa imelitabiri, na hapa lilionekana kwa macho katika fuwele zilizotengenezwa kwa siki na pamanganeti. Mwenzetu wa dawati la nyuma amekwisha kujibiwa: ukikata mpaka kwenye molekuli moja, bado yaweza kuwa sumaku, ilimradi uipoze.

Na hapo kwenye kuipoza ndipo penye mzigo wote. Heli ya kimiminika, inayohitajika kufikia baridi ya namna ile, ni ghali hata kwa matajiri. Kwa hiyo mbio za miaka hii ni za kupandisha halijoto. Mwaka 2017 wataalamu wa Manchester walitengeneza molekuli yenye atomu moja tu ya disprosi iliyoshika kumbukumbu hadi nyuzi 213 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata nyingine, ya kikundi cha Richard Layfield wa Sussex, ikafika nyuzi 193 chini ya sifuri, na huo ulikuwa mpaka muhimu, kwani nitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi kupatikana na hata sisi huitumia kuhifadhia mbegu za ng'ombe za uhamilishaji, huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2025 watafiti wa Manchester na Australia wakafika nyuzi 173 chini ya sifuri. Joto la chumba bado liko mbali sana, na anayetuambia kwamba kesho tutanunua diski za molekuli anatudanganya. Hapana diski ya namna hiyo sokoni, na huenda isiwepo kamwe.

Najua wasomaji watakaorukia neno disprosi. Ni moja ya madini yaitwayo adimu, na madini adimu tunayo. Ngualla, mkoani Songwe, mna hazina kubwa, hasa ya neodimi na praseodimi zinazotumika katika sumaku za mota, na mwaka 2023 serikali ilitoa leseni maalumu ya kuyachimba. Jirani zetu wa Burundi walianza kuuza madini adimu ya Gakara mwaka 2017, na mwaka 2021 serikali yao ikasimamisha mauzo kwa kuona bei haiwatendei haki. Basi baadhi yetu wataona jibu la wino mwekundu limepatikana: tutachimba, tutauza, na sayansi tuwaachie wanunuzi.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Sumaku ya mota inahitaji shehena za madini. Sumaku ya molekuli inahitaji gramu chache, na gramu hizo mtafiti wa Manchester anaziagiza kwa duka la kemikali. Thamani yote imo katika kujua atomu ikae wapi na jirani zake wawe nani. Mtu aweza kukalia mlima mzima wa madini adimu asijue hilo, na mwingine akalijua bila kumiliki hata jiwe. Burundi hawakushindwa kwa kukosa mawe. Hata katika kubishania bei, aliyeshika mizani ni yule anayejua kilichomo ndani ya gunia na namna ya kukitenganisha, na ujuzi huo hujengwa na wanakemia wa aina ile ile ya rafiki yangu, waliozoea kuzitenga na kuzipima atomu hizi hata kabla hazijawa na mnunuzi.

Nitaambiwa kwamba zahanati hazina dawa na watoto wanakaa chini darasani. Ni kweli, wala simwombei rafiki yangu fedha za zahanati. Januari 2007, mwaka huo huo wa tuzo ya Fert na Grünberg, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo ya sayansi. Nchi nyingi za bara hili hazijafika hapo. Ninachoomba ni kwamba katika kile kidogo kinachotengwa, sehemu fulani, hata kama ni ya kumi, iachwe kwa maswali ambayo hayajapata mteja. Tisa zilizobaki ziulizwe faida zake kwa ukali wote, nami nitawaunga mkono waulizaji.

Ugumu wa kweli uko kwenye vipimo. Molekuli ya Wrocław mwanakemia wetu anaweza kuitengeneza mezani kwake. Kuipima kunahitaji mashine yenye bei ya mamia ya maelfu ya dola za Marekani, nayo haiendi bila baridi kali. Kila chuo kikitaka yake tutarudi kwenye mitambo ya kuota kutu bandarini. Lakini mashine moja kwa nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye fundi wake na fungu lake la matengenezo, si ndoto. Mahali pa kuanzia papo: Kigali, tangu mwaka 2018, iko taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa ushirikiano na kituo cha Trieste, kile alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 ili wanasayansi wa nchi changa wasife kwa upweke wa kielimu. Hapo vijana wetu husoma fizikia ya mango. Wengine hukokotoa tabia za molekuli kwa kompyuta, kazi isiyohitaji heli hata tone moja.

Rafiki yangu aliniomba nimsaidie kuandika jibu la barua ile. Nilimshauri asitunge faida ambayo hana, kwani wakaguzi watakuja kuidai. Katika nafasi ya "matokeo yanayotarajiwa" tuliandika kwamba anatarajia kujua kama molekuli yake ina kumbukumbu, na katika halijoto gani inaipoteza. Tukaambatanisha ukurasa mmoja kuhusu Wrocław na ile miaka 13, na bei ya pamanganeti. Ombi limepelekwa tena wiki iliyopita.